Usiku wa nyimbo mpya Mafinga: ukitia maneno yako kwenye tuni ya pambio, wimbo ni wako?

#1 Ulanzi wa Jana (mleta uzi)

Kamwene wakuu.

Jumamosi iliyopita Mafinga palikuwa na onyesho la watunzi wa nyimbo wa huku kwetu, kuanzia Ilula na Kilolo mpaka Njombe, Makete na Tukuyu. Ukumbi ni ule ule wa harusi na vikao, kiingilio buku tatu. Naandika mapema kabla vijiwe havijalichakachua jambo lenyewe, maana tayari wapo wanaosema lilikuwa shindano na wapo wanaosema watu walipigana. Shindano halikuwepo, hakuna aliyepewa kombe wala bahasha. Mabishano yalikuwepo, na ndiyo yaliyonileta hapa.

Masharti ya waandaaji: unaimba ulichotunga mwenyewe, kopi marufuku. Biti ruhusa, ila sauti iwe yako pale pale, siyo unachezesha midomo. Na kabla hujaanza unawaambia watu maneno ni ya nani na tuni ni ya nani. Hilo la mwisho mshereheshaji alilisoma harakaharaka kama tangazo la funguo zilizopotea, na ndilo lililotikisa ukumbi.

Kwanza niliyoyapenda. Jamaa wa Njombe, mkulima wa viazi, alipanda na gitaa kavu akaimba lumbesa. Kwa wa mjini: lumbesa ni gunia linaloshindiliwa, kisha linashonewa nyongeza juu mpaka linavimba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sasa sikieni ufundi. Ubeti wa kwanza una mistari minne. Wa pili mitano. Wa tatu sita, na tuni haiongezeki hata nukta, kwa hiyo kila ubeti jamaa anazidi kukimbiza ulimi ili maneno yaenee. Ubeti wa mwisho maneno yanamwagika nje kabisa, gitaa limesimama linamsubiri amalize kushindilia. Hakusema popote kwamba mkulima anapunjwa. Wazee wa nyuma walicheka mpaka mmoja akatolewa nje kwa kikohozi.

Dada mmoja wa hapahapa Mufindi aliimba mlinzi wa moto kwenye mashamba ya miti. Sao Hill mnaijua, misindano na mikaratusi mpaka macho yanachoka, na kiangazi kikikaza kazi ni kuchungulia moshi tu. Wimbo hauna kisa. Mlinzi anataja vilima anavyoviona, kimoja kimoja, na kila kilima kiitikio ni neno moja: shwari. Kilima cha mwisho anakitaja, halafu hasemi shwari. Gitaa linapiga nafasi ile peke yake, basi, ameshuka jukwaani. Watu walichelewa kupiga makofi, walidhani bado.

Mkwawa, mtwa wa Wahehe, aliimbwa mno. Lugalo alikowapiga Wajerumani 1891, fuvu lake kurudi kutoka Ujerumani 1954, tunajua jamani, sote tumepelekwa Kalenga na shule tukapiga na picha. Katika wote hao mmoja tu alinifanya ninyanyue kichwa: aliliimba fuvu likiwa kabatini ugenini, linasikiliza watu wakiongea lugha lisiyoielewa. Wengine ni historia ya darasa la sita yenye gitaa.

Vijana wa Makambako wa kurap, biti iliwameza. Sina la kusema, sikusikia neno.

Haya, mzozo. Alipanda dada wa Tukuyu, akasema bila kuzunguka: maneno yangu, tuni ni ya pambio tunaloimba kanisani. Ukumbi ukapasuka. Nusu ashuke, nusu aimbe. Mshereheshaji akababaika, mwisho akamwacha. Akaimba wachuma chai asubuhi ya mvua, kikapu mgongoni, nailoni kiunoni, na sikatai, aliitikiwa kuliko mtu yeyote usiku ule. Ni lazima aitikiwe, tuni watu wanaijua toka utotoni!

Baadaye kidogo akapanda mzee wa Kilolo na ligombo lake, ala ya nyuzi ya Wahehe. Akasema tuni ni ya babu yake, maneno mengine ya babu, mengine yake. Hakuna aliyefungua mdomo. Makofi, vigelegele, simu juu.

Hapo ndipo naomba mnisaidie. Kwa nini binti wa watu azomewe na mzee ashangiliwe, na wote wamekuja na tuni isiyo yao? Msimamo wangu ni kwamba wote wawili wasingepanda usiku ule. Tuni ni nusu ya kazi, na mara nyingi ndiyo nusu ngumu. Tukilegeza, onyesho lijalo watakuja watu kumi na tuni za nyimbo zinazovuma Dar, wamebadili majina ya vijiji tu, nao watasema wametunga.

Nawasilisha.

#2 Gitaa Kavu

Naunga mkono hoja. Watu hawajui kutafuta tuni kunavyotesa. Maneno utayapata hata kwenye daladala. Tuni inaweza kukukimbia mwaka mzima.

Na niongeze: huku kwetu vipaji havijawahi kukosekana, ila mtunzi akishaiva anapanda basi. Sugu wa hip hop katoka Mbeya, jina kalijengea Dar, alirudi kuwa mbunge wa Mbeya Mjini 2010 mpaka 2020. Rayvanny wa Bongo Fleva katoka Mbeya, 2017 kachukua tuzo ya BET akiwa ameshakuwa mtu wa Dar. Siwalaumu, studio na pesa ziko huko. Lakini jukwaa kama hili la Mafinga ndilo lingemfanya mtu atunge akiwa bado nyumbani, halafu akiondoka aondoke na nyimbo zake.

#3 Ndaga Fijo

Mleta uzi, kwa heshima zote, hapo kwa dada yetu umeteleza.

Mimi ni wa Rungwe. Wamoraviani walifika Rungwe 1891, na Walutheri wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huo huo. Walikuja na tuni za kwao, maneno wakayageuza kuwa ya kwetu. Bibi zetu waliziimba mpaka zikawa zao, wakazipunguza mwendo, wakaziongezea sauti ya tatu ambayo haimo kitabuni. Leo ukimwambia mama wa Tukuyu kwamba wimbo ule ni wa Wajerumani atakushangaa.

Shuka mpaka Kyela uangalie ngoma ya mganda. Wanaume wamepanga mistari, kaptula nyeupe, wanapuliza vibuyu. Ule mtindo umetokana na beni, na beni ilitokana na bendi za majeshi ya wakoloni. Hawakuwa na tarumbeta, wakachukua vibuyu. Na hao nao uwaambie washuke jukwaani?

Yule dada alikuwa mkweli kuliko wote. Alitaja tuni ilikotoka. Una hakika wale wa Mkwawa tuni zao zote zilitoka vichwani mwao? Mmoja nilimsikia kabisa anatembelea wimbo wa zamani wa dansi, kageuza mwisho tu. Hakusema kitu, hakuzomewa.

#4 Baridi ya Makete

Hapo kwenye Mkwawa nimecheka sana. Kweli tupumzisheni kidogo.

#5 Mwanakwaya

Nimekuwa mwalimu wa kwaya kwa muda mrefu, nichangie kwa upande wa ufundi.

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nzuri inaufuata mkazo huo: noti ndefu au ya juu inaangukia pale mdomo wenyewe ungekazia. Tuni nyingi zilizokuja na vitabu vya nyimbo zilitungwa kwa Kijerumani au Kiingereza, lugha ambazo mstari unaweza kuishia kwenye silabi nzito. Ndiyo maana mnaimba "Bwanaaa" huku mkivuta silabi ambayo ukiongea hata huisikii. Tumeshazoea, lakini mgeni akisikiliza maneno hayamwingii.

Mapambio ni kitu kingine. Yametungwa na watu wanaofikiri kwa Kiswahili, mkazo unakaa mahali pake. Kwa hiyo dada wa Tukuyu alichagua tuni inayobeba maneno yake vizuri. Huo nao ni ufundi, ingawa si ufundi wa kutunga tuni.

Ila kuna jambo hamligusi. Watu wanalichukulia pambio kama maji ya mto, halina mwenyewe. Mengi yana wenyewe, na baadhi wako hai, wanasali na sisi. Sisi wa kwaya za Kikatoliki tumezoeshwa kwamba karatasi ya noti ina jina la mtunzi juu upande wa kulia, na ukinakili bila jina unagombezwa. Kwenye mapambio utaratibu huo haupo. Lile pambio la Tukuyu nani alilitunga? Angeulizwa pale pale tungejifunza kitu.

#6 Ukwaju

Buku tatu na chakula au kavu?

#7 Ulanzi wa Jana

Kavu mkuu. Nje kulikuwa na mama wa chapati na chai ya tangawizi.

#8 Katibu Kata

Niweke sheria mezani maana naona tunaongea kwa hisia.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni Namba 7 ya mwaka 1999. Mtunzi analindwa tangu kazi yake ilipotengenezwa, hahitaji muhuri wa mtu ndipo iwe yake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakusaidia kuthibitisha siku mkigombana. Ulinzi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa maana hiyo, kama mtunzi wa pambio yupo, au alifariki majuzi, kuweka maneno mapya kwenye tuni yake bila ruhusa ni tatizo, hata ukimtaja. Kumtaja ni adabu. Ruhusa ni kitu kingine.

Kwa mzee wa Kilolo, sheria hiyo hiyo ina sehemu ya sanaa za jadi za jamii, na hapo BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wanahusika. Jadi yenyewe haina mtu mmoja wa kuidai. Mtu wa jamii hiyo akiipiga kwa namna ya kwao, kwenye shughuli ya kwao, hakuna anayemshika. Prodyuza akiichukua akaiuza kama yake, hiyo ni habari nyingine.

Ushauri kwa watunzi: ukimaliza wimbo, urekodi kwenye simu hata kama sauti mbaya, taja jina lako na tarehe mwanzoni, umtumie mtu unayemwamini. Na waandaaji wapite kwa afisa utamaduni wa halmashauri mapema. Siyo mnakumbuka kibali Ijumaa jioni.

#9 Mnyalu wa Ilula

Mleta uzi, swali moja. Kihehe unakisikia?

Nauliza kwa sababu nilikaa mstari wa mbele na yule mzee nilimsikia vizuri. Ligombo ni ubao uliochongwa kama hori, waya mmoja unapitishwa kwenda na kurudi mara kadhaa, na kibuyu chini cha kukuza sauti. Ukipata nyuzi zake umepata njia chache tu za kupita, ndiyo maana kwa sikio la mgeni kila wimbo unafanana na uliopita. Kazi yote iko kwenye maneno. Na Kihehe kina toni: sauti ikipanda pasipo pake neno linageuka au linakufa. Kwa hiyo mpiga ligombo akibadili maneno, tuni nayo inabadilika, apende asipende. Ukisema "tuni ya babu, maneno ya mjukuu" unagawa kitu ambacho kwa Kihehe hakigawanyiki hivyo.

Na beti za mwisho hazikuwa za babu. Babu gani aliimba bei ya mbolea na vocha ya simu? Alikuwa anatunga pale pale, akamtania hadi mshereheshaji kwa suruali yake. Watu wa Kilolo waliokuwepo walikuwa wanagaragara. Aliposema tuni ya babu alikuwa anatoa heshima, ndivyo tulivyolelewa, husimami mbele za watu ukasema hiki nimekianzisha mimi. Mnamhukumu mtu kwa unyenyekevu wake.

#10 Ulanzi wa Jana

Mnyalu, Kihehe nakisikia cha sokoni tu, na hilo la suruali lilinipita kabisa. Kwa mzee nakubali hoja yako: kama anatunga papo hapo na toni inavuta tuni, basi alitimiza sharti kuliko wengi. Kilichobaki ni waandaaji wampe mtu wa kutufasiria, hata sentensi mbili kabla hajaanza.

Kwa dada wa Tukuyu bado nimekaza. Ndaga Fijo, mganda umeishi miaka mingi na kila kijiji kimeongeza chake, mpaka asili yake inabidi uelezwe. Pambio la mwaka juzi lenye maneno mapya halijafika huko. Sikatai aimbe. Aimbe harusini, redioni, kanisani, popote. Ninachotaka ni usiku mmoja kwa mwaka ambao mtu analazimika kuleta kitu ambacho hakuna mtu ukumbini aliyewahi kukisikia. Ukumbi mzima ukiimba pamoja naye, jasho la mtunzi limeonekana wapi?

#11 Fundi Mitambo

Nilikuwa kwenye mitambo, nijitetee kuhusu vijana wa Makambako.

Spika zile ni za harusi. Zimepangwa kwa ajili ya besi, watu wacheze. Vijana walileta biti kwenye simu, tayari imejazwa mpaka pomoni, na maiki wanaikumbatia kwa viganja vyote viwili kama wanavyoona kwenye video. Ukikumbatia maiki hivyo, sauti inaziba, na ukiongeza kidogo inaanza kulia. Nilikata besi, nikashusha biti, wenyewe wakanionyeshea kwa mkono nipandishe. Nifanyeje? Ni shoo yao.

Yule wa lumbesa na dada wa mlinzi wa moto walikuja saa tisa alasiri kupima sauti. Nilimweka dada maiki moja mdomoni, moja gitaani, nikashusha kila kitu mpaka watu wa nyuma wakalazimika kunyamaza ili wasikie. Watu wananyamaza wenyewe ukishusha. Ukipandisha, nao wanapandisha.

Mkiandaa tena, geuzeni viti. Vya Jumamosi vilizunguka meza kama harusi, nusu ya watu wameligeuzia jukwaa mgongo.

#12 Enzi za Almasi

Vijana mnaongea kana kwamba huku muziki wa kutunga umeanza jana. Miaka ya 1980 Iringa ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kampuni ya kukata almasi. Kasaloo Kyanga na pacha wake Kyanga Songa walikuwemo. Bendi inakaa Iringa na nchi nzima inaisikiliza kupitia Redio Tanzania. Hapakuwa na haja ya kwenda Dar kuwa mtu.

Tofauti ilikuwa mshahara. Mabendi mengi ya wakati ule yalikuwa ya mashirika, vyombo ni vya shirika, mwanamuziki anaamka asubuhi kazi yake ni kufanya mazoezi. Mashirika yalipokufa na bendi zikafa. Mkulima wa viazi anayetunga usiku baada ya shamba, halafu anakuja na kitu kama hicho cha lumbesa, mimi namvulia kofia.

Swali kwa waandaaji: watunzi walilipwa?

#13 Ulanzi wa Jana

Mzee shikamoo. Nilivyosikia walirudishiwa nauli na wakagawana kilichobaki baada ya ukumbi, mitambo na kibali. Kiasi sikijui. Nauli ya Tukuyu mpaka Mafinga nayo siyo mchezo.

#14 Mwanakwaya

Marahaba kwa niaba ya mzee, hajaingia tena. 

Nimesukumwa na uzi huu niweke ubeti wangu, tuni ninayo tayari na ni yangu, msinizomee:

*Uyole njia panda, basi limesimama,*
*mwanangu yuko ndani, na mkoba begani,*
*nauli nimempa, ya kurudi sinayo,*
*dereva piga honi, uende polepole.*

#15 Gitaa Kavu

Mkuu, huo mstari wa tatu ndio wimbo. Mingine yote inaulinda tu. Mimi ningeutoa kwenye ubeti nikaufanya kiitikio, urudi kila mara, na kila ukirudi umaanishe kingine: kwanza nauli ya basi, halafu miaka, halafu mama mwenyewe hayupo wa kumrudia mtu.

"Dereva piga honi" sijaupenda. Mama anayetaka mtoto asiondoke hamhimizi dereva.

#16 Mwanakwaya

Anataka amalize haraka ili asilie mbele ya watu. Lakini nimekuelewa, kama inabidi nieleze basi wimbo haujaeleza. La kiitikio nalichukua.

#17 Baridi ya Makete

Mimi nilijua abiria ni mimi. Uyole, mkoba, kila kitu. Endelea mkuu.

#18 Ndaga Fijo

Nimezungumza na yule dada wa wachuma chai, tunasali usharika mmoja. Pambio kalitunga mama mmoja wa Kiwira, yuko hai na ana nguvu zake. Alipoambiwa limeimbwa Mafinga alifurahi, akauliza tu kama walimtaja jina. Hawakumtaja kwa sababu hakuna aliyeuliza, kama alivyosema Mwanakwaya. Ameruhusu, ila na yeye anataka kupanda jukwaani, anasema ana mengine.

Kwa hiyo mleta uzi, tunakuja wote wawili, mwenye maneno na mwenye tuni. Utawazuia mlangoni?

Na onyesho lijalo lije Tukuyu. Tumezoea kuwa na ngoma za asili uwanjani, za kutunga mezani na gitaani hatujapewa usiku wake.

#19 Ulanzi wa Jana

Mwenye maneno na mwenye tuni wakisimama pamoja, hapo sina pingamizi hata moja, huo ni wimbo wa watu wawili. Nitaupeleka ujumbe kwa waandaaji. Mama naye alete jipya.

Tukuyu nakubali. Tarehe iepuke msimu wa kupanda viazi Njombe, yule jamaa wa lumbesa tunamtaka.

#20 Fundi Mitambo

Tukuyu sawa, lakini tafuteni ukumbi wenye dari ya mbao. Mvua ya kule ikikuta bati tupu hakuna mtambo utakaoishinda, na safari hii sitaki kulaumiwa. Na meza mziache nje.